Urea nyingi haileti mafuta mengi

Huku Tabora, kwa miaka mingi wakulima wa alizeti wamekuwa wakiambiana: ukizidisha mbolea ya urea, utakamua mafuta zaidi. Si kweli, na imani hiyo inawamalizia watu fedha. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kwenye udongo wetu wa kichanga, uliochoka, kiasi cha wastani huongeza mavuno kweli: majani hustawi, kichwa hupanuka, mbegu huwa nyingi. Ila naitrojeni ni malighafi ya protini. Ikizidi, protini huongezeka ndani ya mbegu na sehemu ya mafuta hupungua. Gunia ni lilelile, madumu machache. Shina nalo hurefuka, likalazwa na upepo. Karanga ndiyo haihitaji kabisa urea nyingi: bakteria wa vinundu vya mizizi yake huichota naitrojeni hewani.