Mashine ya boti inagonga? Usikimbilie kufungua kichwa

Mashine ya nyuma ikianza kugonga, kila aliyemo botini hugeuka fundi. Huyu pistoni, yule krenki, na kabla hamjafika pwani kichwa cha mashine kimeshafunguliwa kwa maneno. Tuyapime maneno hayo moja moja.

"Mlio wowote ni wa juu, kwenye pistoni na krenki." Hapana. Chini kabisa, ndani ya maji, kuna giaboksi, nayo ina kelele zake. Kabla hujashika spana, weka nyutro, ongeza moto kidogo, usikilize. Kugonga kukiendelea vilevile, anza kutafuta juu. Kukinyamaza, kisha kukarudi ukiingiza gia, mara nyingi ni propela, shafti yake, au meno yanayobeba mzigo.

"Kishindo cha kuingiza gia ni dalili ya gia kufa." Hii ndiyo imeharibu mashine nyingi, kwa sababu mtu akiogopa kishindo huanza kuingiza gia kwa upole. Mashine hizi hazina klachi kama ya gari. Kuna kipande cha chuma chenye meno kinachoteleza kwenye shafti na kung'ata gia ya mbele au ya rivasi, na gia hizo zinazunguka muda wote mashine ikiwaka. "Ka!" moja fupi ni kawaida. Ukisukuma mkono wa gia taratibu, meno hugongana ncha kwa ncha, krrrr, kona zake zinalika, na siku moja gia inaruka yenyewe ukiongeza moto. Nami nilikuwa mpole hivyo, nikidhani naitunza. Shusha moto hadi chini, kisha ingiza kwa mkato mmoja.

"Mashine inanguruma, boti haiendi: gia imekwisha." Huenda ni mfuko wa plastiki tu umejiviringisha kwenye propela. Au mpira. Propela nyingi zina mpira kati ya bomba la shafti na mapanga, na ukichoka huteleza. Chora mstari kutoka kwenye bomba hadi kwenye propela (rangi ya kucha inafaa, omba kwanza), endesha kidogo, zima, nyanyua utazame. Mstari ukiachana, gia zako hazina kosa.

"Oili ya gia ikipungua, ongeza tu." Imekwenda wapi? Mashine ikiwa imelala usiku kucha wima, legeza skrubu ya chini ya giaboksi na upokee matone ya kwanza kiganjani. Yakiwa na rangi ya tui, maji yameingia. Vua propela uangalie nyuma yake: mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti na kuikata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Kisha sugua ile oili kwa vidole. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazokwaruza ni meno au beringi, na hapo ndipo mlio wa kusaga unapotoka.

"Zidisha oili kwenye petroli, itanyamaza." Kwa mashine nyingi za stroki mbili, zile zinazochanganyiwa oili na petroli, kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Ukizidisha, unachafua plagi. Na ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo boti ikiwa na mzigo mzito, huo si wa kusubiri fundi pwani: mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda na yanaweza kutoboa pistoni. Shusha moto hapohapo, tazama kama maji ya kupoza yanatoka, urudi pole pole.