Ruzuku ya kijitabu cha katuni: mambo yanayoamua ombi lako

Kijitabu cha katuni anachokichapa mchoraji mwenyewe hakidai fedha nyingi. Karatasi, fotokopi, pini za stepla na bahasha za posta, basi. Ndiyo maana ruzuku zake huwa ndogo, na waombaji wengi huzikosa kwa sababu ombi lao ni kubwa kuliko kitabu chenyewe. Mtu ana hadithi ya kurasa 16 mkononi, lakini anaomba fedha za matoleo sita, kompyuta mpya na tovuti. Jopo linalochagua washindi linaposoma hapo hubaki na swali moja: hiki cha kwanza kitakwisha lini?

Mfuko uliojulikana zaidi kwa kazi hii ulikuwa Xeric Foundation wa Northampton, Massachusetts, nchini Marekani. Ulianzishwa mwaka 1992 na Peter Laird. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1984, Laird na mwenzake Kevin Eastman walijichapishia toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, wale kasa wapiganaji walioishia kwenye televisheni na sinema. Utajiri ulioletwa na kasa hao ukarudi kwa wachoraji wanaojichapishia. Ruzuku za katuni za Xeric zilikoma mwaka 2012. Laird alieleza kwamba intaneti imebadilisha mambo, kwamba msanii sasa anaweza kuwafikia wasomaji bila kulipia uchapaji. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila karatasi haijafa: tamasha la Small Press Expo, lililoanza Maryland mwaka 1994, lina tuzo za Ignatz tangu 1997, na vijitabu hivi vina kipengele chao humo. Kilichobadilika ni mahali pa kutafuta fedha. Badala ya mfuko mmoja unaojulikana na kila mtu, ruzuku zimetawanyika kwenye matamasha ya katuni, shule za uchoraji, mabaraza ya sanaa na maktaba, na kila mmoja ana masharti yake.

Kwa hiyo soma tangazo ukiwa na kalamu mkononi. Kuna fedha za kuchapa, ambazo hutolewa kwa kazi iliyokwisha kuchorwa. Kuna za kumalizia, kwa kazi iliyofika nusu. Kuna za muda, zinazomlipa msanii ili akae achore. Ukipeleka wazo tupu kwenye ruzuku ya kuchapa, ombi litawekwa kando hata kama wazo ni zuri. Angalia pia kama fedha hutangulizwa au hurejeshwa. Zile za kurejeshwa zinakutaka ulipe kwanza kutoka mfukoni, kisha upeleke risiti. Asiye na akiba anaweza kushinda na bado akashindwa kuchapa. Hili liulize kabla hujaomba.

Sehemu inayoangusha wengi ni hesabu ya kitabu chenyewe, kwa hiyo tuifanye polepole. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Idadi ya kurasa basi lazima igawanyike kwa nne: 12, 16, 20, 24. Hadithi ya kurasa 18 itakuachia kurasa mbili tupu, na jopo litajua kwamba hujawahi kukunja nakala hata moja. Tuchukue kurasa 16 za ndani pamoja na jalada la karatasi ya peke yake. Kila nakala inatumia karatasi nne za ndani na moja ya jalada. Kwa nakala 200 ni karatasi 800 za ndani na 200 za jalada. Ongeza asilimia 10 kwa zitakazokwama, kuchafuka au kukatwa kombo, upate 880 na 220. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo rimu mbili za karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba zinatosha ndani. Jalada liwe la gramu 160 hadi 200. Pini za stepla ni mbili kwa kila nakala, yaani 400.

Hapo kuna mtego. Kwenye fotokopi kwa kawaida hulipi kwa karatasi, unalipa kwa kila upande uliochapwa. Karatasi 800 zilizochapwa pande zote mbili ni pande 1,600. Mwombaji aliyezidisha bei kwa 800 ameandika nusu ya gharama halisi, na msomaji yeyote wa bajeti mwenye uzoefu ataliona kosa hilo mara moja. Njia salama ni kumwomba mchapaji makadirio ya maandishi yanayotaja ukubwa, idadi ya kurasa, aina ya karatasi, idadi ya nakala na tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Kama makadirio yataisha muda kabla majibu ya ruzuku hayajatoka, liseme hilo kwenye ombi na uweke fungu la dharura.

Kabla ya kuandika neno lolote la ombi, tengeneza nakala ya mfano kwa penseli: kunja karatasi nne, zitie moja ndani ya nyingine, andika namba za kurasa, kisha zifungue. Utaona kwamba ukurasa wa 1 umekaa karatasi moja na wa 16, na nyuma yao wapo wa 2 na wa 15. Katika kitabu cha kurasa 16, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi daima hujumlika kuwa 17: 14 na 3, 12 na 5, hadi 8 na 9 pale katikati. Jumla isipofika 17, kuna ukurasa uliokosea mahali. Mashine ikichapa pande mbili, ichague kugeuza kwa upande mfupi. Ukisahau, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini, na nakala 200 ni nyingi mno kugundulia kosa hilo. Chapa moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize zilizobaki.

Ukubwa wa mchoro nao una hesabu yake. Mchoro wa A4 ukipunguzwa kuwa A5 unabaki asilimia 71, ukiwa A6 unabaki asilimia 50. Herufi ya milimita 5 kwenye karatasi yako itakuwa milimita 3.5 katika A5, na 2.5 tu katika A6, ambayo wengi wataisoma kwa tabu. Mstari mwembamba wa milimita 0.2 utakuwa 0.1 katika A6, na fotokopi huukatakata au kuufuta kabisa. Michoro ya wino mweusi iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, na yenye vivuli vya kijivu 300 zinatosha. Fotokopi nyingi za ofisini hazichapi hadi ukingoni, kwa hiyo acha milimita 5 au zaidi pande zote. Ukitaka rangi ifike ukingoni, ichore ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, kisha ongeza gharama ya kukata kwenye bajeti. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo wa A5. Inahitajika yenye mkono mrefu, na hiyo ni heri kuazima au kumlipa mchapaji afanye kazi hiyo.

Sasa ombi. Tangazo likitaka sampuli za kurasa, peleka kurasa sita hadi nane zinazofuatana. Wengi huchagua michoro mizuri iliyotawanyika, pamoja na jalada. Hilo huonyesha kwamba mtu anajua kuchora, lakini jopo la katuni linatafuta kama anajua kusimulia: jicho linatokaje fremu moja kwenda nyingine, ukurasa ukigeuzwa kinatokea nini, maneno ndani ya viputo yanasomwa kwa mpangilio gani. Maelezo ya mradi yawe na urefu ulioombwa na yajibu mapema haya: hadithi inahusu nini pamoja na mwisho wake (jopo si wasomaji wa kawaida, usiwafiche), kurasa ngapi zimekamilika leo, nani anafanya nini, nakala zitakwenda wapi. Ukiandika nakala 200 kwenye maelezo na 300 kwenye bajeti, msomaji ataacha kuamini tarakimu nyingine zote. Na kama majina ya waombaji yanafichwa, futa jina lako kwenye picha, jalada na jina la faili.

Katika bajeti, tenganisha uchapaji, jalada, ufungashaji, posta na dharura ya asilimia 10. Weka malipo ya kazi yako kama yanaruhusiwa, kwa sababu sifuri mbele ya miezi ya kuchora haifanani na ukweli. Ondoa pia kwenye hesabu ya mauzo nakala ambazo hutauza: za mfadhili, za wahakiki, za aliyekusaidia. Zikiwa 25 kati ya 200, makadirio ya mauzo yaanze kwenye 175, tena usidhani zote zitauzwa.

Ukishinda, usisaini siku hiyohiyo. Ruzuku nzuri inakuachia hakimiliki, na mfadhili huomba ruhusa ya kutumia kurasa chache kutangaza mpango wake. Sentensi inayohamisha haki zote, au inayompa mfadhili neno la mwisho juu ya yaliyomo, ni mkataba wa aina nyingine kabisa na bei yake ingepaswa kuwa nyingine. Soma vilevile kuhusu maandishi ya shukrani na nembo, maana kuziongeza baada ya kuchapa ni kuchapa jalada upya. Sehemu nyingi ruzuku huhesabiwa kama kipato, kwa hiyo uliza mamlaka ya kodi kabla hujaitumia yote.

Mpango ukibadilika katikati, mathalani kurasa 16 zikawa 20, mwandikie mfadhili kabla ya kutumia fedha. Kurasa nne za ziada ni karatasi moja zaidi kwa kila nakala, yaani 200 zaidi na pande 400 za kulipia, na mabadiliko ya namna hii hukubaliwa mara nyingi yakielezwa mapema. Risiti zipige picha siku ileile unapozipata, kwa sababu maandishi ya karatasi za mashine za malipo hufifia kwa joto na mwanga, na ripoti ya mwisho hudaiwa miezi kadhaa baadaye.