Je, wajua kwa nini masaji ya limfu huanzia shingoni hata kama kilichovimba ni mguu?

Wengi hudhani masaji hii ni kukamua: mkono ukilemea zaidi, maji mengi zaidi hutoka, na "sumu" hutoka nayo. Sivyo. Kuchuja taka za damu ni kazi ya ini na figo. Limfu ni maji yaliyovuja kutoka mishipa midogo ya damu, yakiwa na protini na chembe za kinga, na kila siku mwili huyarudisha kwenye damu. Masaji huyasaidia kuhama tu. Hata mguu ukipungua unene baada ya kuchuliwa, ni maji yaliyohama; mafuta yapo palepale.

Na kulemea huharibu kazi. Vijishipa vya mwanzo vya limfu vimelala karibu kabisa na uso wa ngozi. Kuta zake ni tabaka moja la seli zilizopandana kingo, na kila ukingo umeshikizwa kwa nyuzi kwenye nyama jirani. Fikiria mlango wa hema uliofungwa kamba: vuta kamba, pazia linafunguka na maji yanaingia, legeza, linajifunga na yaliyoingia hayarudi. Kamba hapa ni zile nyuzi, na huvutwa ngozi inapovutwa. Ukibonyeza mpaka pawe pekundu, umeita damu zaidi, na damu zaidi huvujisha maji zaidi.

Kwa hiyo kiganja hakitelezi, na mafuta hayapakwi. Vuta ngozi taratibu hadi inapokomea bila kuigusa misuli, kisha iache irudi yenyewe. Rudia mara 5 hadi 7 mahali hapohapo, polepole, maana mishipa mikubwa ya limfu hujikaza mara chache tu kwa dakika.

Sasa shingo. Limfu yote humwagika kwenye vena zilizo nyuma ya mitulinga. Ya miguu yote miwili hutokea kushoto. Ni foleni yenye mlango mmoja: ukisukuma walio nyuma, watabanana tu. Toa kwanza walio mlangoni. Ndiyo maana mpangilio ni juu ya mtulinga, pumzi ndefu za tumbo, kinena, paja, goti, na kifundo mwisho, mivuto yote ikielekea juu.

Emil na Estrid Vodder wa Denmark walibuni mbinu hii Ufaransa miaka ya 1930. Kwa mkono unaovimba baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, bandeji za kubana ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Masaji huongezea nafuu kidogo tu, hasa uvimbe ukiwa bado mdogo. Kwa mtu mzima wa afya, utulivu wa kuguswa polepole ni wa kweli, lakini madai ya kuimarisha kinga yana ushahidi mwembamba.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani: usiuchue, nenda hospitali. Vivyo hivyo ngozi ikiwa nyekundu, ya moto na mwili una homa. Na moyo ukiwa umeshindwa kazi, maji unayoyarudisha yanakwenda kuuelemea moyo huohuo.