Mazoezi ya uso: ufanye mara ngapi, na yakiuma ufanyeje? Dhana zinazoumiza watu bure

Siku hizi ukifungua TikTok haziishi dakika tano hujakutana na mtu anapuliza mashavu, anatoa ulimi, anabinua midomo, halafu chini kaandika fanya mara mia kila siku uso utakaza ndani ya wiki. Na watu wanafanya kweli. Wiki ya pili unamsikia huyo huyo analalamika taya linauma, kichwa kinagonga pembeni ya macho, akiuliza anaambiwa vumilia, hiyo ndo dalili misuli inajengeka. Mi hilo linanikera sana kwa sababu mtu anakaa na maumivu ambayo hakutakiwa kuwa nayo kabisa, kwa hiyo ngoja tuzipitie hizi dhana, maana nyingine zina ukweli kidogo ndani yake na nyingine ni uongo mtupu.

Dhana: ukifanya mara nyingi zaidi matokeo yanakuja haraka

Utafiti unaotajwa sana kwenye haya mambo ni ule wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, uliotoka mwaka 2018 kwenye jarida la JAMA Dermatology, ukiongozwa na Dk. Murad Alam. Walichukua wanawake wa miaka 40 mpaka 65, wakawafundisha mazoezi 32, wakawa wanafanya nyumbani dakika 30 kila siku kwa wiki 8, na kuanzia wiki ya 9 mpaka ya 20 wakapunguza, yaani leo unafanya kesho unapumzika. Madaktari walioangalia picha hawakuambiwa ipi ya kabla ipi ya baada, wakakadiria umri wa hao wanawake na wastani ukatoka miaka 50.8 mwanzoni, ukawa 49.6 wiki ya 8, ukafika 48.1 wiki ya 20.

Sasa hapo kuna kitu wanaotaja huu utafiti wanakiruka. Wale kina mama walipopunguza na kuanza kuruka siku, mabadiliko hayakusimama, yaliendelea. Kwa hiyo hiyo habari ya asubuhi mchana jioni hata huo utafiti wenyewe hauiungi mkono. Na pia tuwe wakweli, walianza 27 wakamaliza 16 tu, hakukuwa na kundi lingine lisilofanya mazoezi la kulinganisha nalo, na sehemu zilizoonekana kubadilika ni mashavu, juu na chini, yalijaa kidogo. Shingo, paji la uso, pembeni ya macho, huko hawakuona la maana. Ni utafiti mdogo unaotia moyo, basi, usiubebeshe zaidi ya hapo.

Kama unataka kuanza mi ningekwambia dakika 5 mpaka 10, siku moja unafanya siku moja unaacha, kwa wiki mbili za kwanza. Chagua mazoezi manne matano tu, kila moja ushikilie sekunde chache uachie, uso usitetemeke. Ukiona hakuna kinachouma ongeza taratibu. Hakuna kipimo rasmi cha mara ngapi ambacho madaktari wote wamekubaliana, kwa hiyo anayekwambia lazima iwe mara mia kaitoa kichwani mwake.

Dhana: isipouma haijafanya kazi

Hii ndo inayoleta shida kuliko zote.

Misuli ya kufanyia sura, ile ya kutabasamu, kufumba macho, kununa, ni myembamba na mingi imeshikana moja kwa moja na ngozi, upande mmoja mfupa upande mwingine ngozi. Kazi yake ni kuvuta ngozi ambayo haina uzito wowote wa maana, kwa hiyo sio kama umebeba ndoo kichwani. Ukiona uso unauma sana baada ya mazoezi mara nyingi inayouma sio hiyo, ni misuli ya kutafunia, ule mnene ulio pembeni ya taya na ule uliotanda kwenye panja. Jaribu sasa hivi, weka vidole pembeni ya taya karibu na sikio uume meno, utausikia unavimba. Watu wengi wakifanya mazoezi ya uso wanauma meno bila kujijua, wanakaza taya dakika kumi nzima, halafu kesho wanadhani shavu ndo limefanya kazi.

Maumivu ya kawaida ya misuli iliyozidishiwa kazi yanaanza baada ya masaa kadhaa mpaka siku inayofuata, yanakuwa makali kati ya masaa 24 na 72, halafu yanapungua yenyewe. Na ile stori kwamba ni asidi ya laktiki imegandia kwenye misuli tuiache jamani, hiyo inaondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, haiwezi kuwa ndo inakuuma kesho kutwa. Maumivu yanatokana na nyuzi za misuli kuchubuka kidogo kidogo na mwili kuzitengeneza.

Dhana: ikiuma fanya zaidi ili izoee, au kanda kwa nguvu mpaka misuli ilainike

Hapana. Ikiuma simamisha siku moja mbili mpaka itulie, na ukirudi rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya. Chukua kitambaa safi, chovya maji ya uvuguvugu, kamua, weka pembeni ya taya dakika 10 mpaka 15, mara mbili tatu kwa siku. Vuguvugu nasema, ngozi ya uso inaungua haraka. Ukikanda tumia vidole viwili, taratibu, kwa mzunguko, na usibonyeze kwenye shimo la kiungo mbele ya sikio.

Chakula nacho watu wanakisahau. Siku mbili hizo achana na miwa, mahindi ya kuchoma, korosho, nyama ngumu na bigijii, kula uji, ndizi za kupika, viazi, wali na mchuzi. Mwenye kutafuna mirungi jioni nzima halafu anashangaa taya haliponi, jibu analo mdomoni.

Halafu kuna hili ambalo halina gharama yoyote na mi naona linasaidia kushinda mengine yote: jinsi unavyolipumzisha taya lako mchana. Midomo imefungana, meno ya juu na ya chini HAYAGUSANI, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele bila kusukuma. Meno yanatakiwa kugusana wakati wa kula na kumeza tu, muda mwingine wote yawe na nafasi. Jichunguze ukiwa kwenye foleni, ukiwa kwenye simu, ukiwa unapika, utakuta umeuma meno. Na kama unaamka asubuhi taya limechoka tayari labda unasaga meno usiku, hapo mazoezi ya uso yanaongeza tu mzigo juu ya mzigo, muone daktari wa meno kwanza.

Panadol kwa siku moja mbili sawa kwa wengi, fuata maelekezo ya pakiti. Ibuprofeni na diklofenaki usimeze kiholela kama una vidonda vya tumbo, figo zina shida au una mimba. Na kama kila ukifanya mazoezi lazima umeze dawa, basi hayo mazoezi yaache.

Dhana: kutafuna bigijii na vile vimipira vya silikoni kunachonga taya

Hii ni ya vijana wa kiume zaidi. Msuli wa taya ukitafuna sana unakua kweli, ila unakua kwenda pembeni, uso unapanuka chini, na ule mstari mkali wanaoutaka unaonekana zaidi mtu akiwa na mafuta kidogo usoni, na mafuta hayapungui sehemu moja kwa sababu umeitingisha hiyo sehemu. Kidevu cha pili vilevile. Vile vimipira vinalipatia taya kazi ambayo halijazoea, ndo unasikia kiungo kinaanza kulia ko ko ko, na mdomo unashindwa kufunguka vizuri ukipiga mwayo.

Dhana: mazoezi ya paji la uso yanaondoa mikunjo

Fikiria Botoksi, ile sindano ya kuondoa mikunjo, inafanyaje kazi: inalegeza msuli ili usikunje ngozi. Mikunjo ya paji na ya kati ya nyusi inatokana na kukunja hapo hapo kila siku kwa miaka. Sasa kukaa unakunja makusudi mara mia ili mikunjo iishe, mi siioni mantiki yake. Jua na sigara vinazeesha ngozi kuliko kutofanya mazoezi, anzia huko.

Dhana: aliyepooza uso akazane na mazoezi kwa nguvu

Hapa naomba msome taratibu. Mtu akiamka upande mmoja wa uso umelala, jicho halifumbi, chai inamwagika pembeni ya mdomo, mtaani wataambiana kapigwa na upepo au karogwa, na atapewa maputo ya kupuliza na bigijii aendelee nayo. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa neva ya saba, ile inayoendesha misuli ya uso, unaitwa Bell, na dawa ya predinisoloni inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya masaa 72, kwa hiyo kila siku unayozungushwa kwa waganga unaipoteza. Wengi, karibu 7 kati ya 10, wanapona kabisa hata bila dawa, lakini nani anataka kuwa kwenye wale watatu?

Mazoezi yake ni tofauti kabisa na ya TikTok. Mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, anakuweka mbele ya kioo, unafanya kidogo, polepole, pande mbili zilingane, muda mfupi, na unaacha kabla hujachoka. Ukilazimisha kwa nguvu, neva zinapoota upya unaweza kujizoesha vibaya, ukitabasamu jicho linafumba, ukifumba jicho mdomo unavutwa, na kulirekebisha hilo ni kazi ya miezi. Jicho lisilofumba liwekewe dawa ya matone mchana, na usiku lifungwe kwa plasta laini.

Ila uso ukilala ghafla na mkono ukakosa nguvu au maneno yakawa hayatoki vizuri, hiyo inaweza kuwa kiharusi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kuche. Taya likiuma pamoja na kifua kubana na jasho, vivyo hivyo, huenda ni moyo. Na mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye panja linauma, taya linachoka akitafuna na macho yanaanza kuona ukungu, apelekwe siku hiyo hiyo, maana kuna ugonjwa wa mishipa ya damu unaoanza hivyo na ukicheleweshwa unapofusha.