Kunyanyua injini kwenye gereji ya nyumbani: dhana potofu na ukweli

"Winchi ni ya tani moja, hakuna cha kuogopa."
Winchi ya mnyororo ni nadra kukatika. Kinachoanguka ni pale ilipotundikwa. Kenchi ya mbao za mbili kwa nne iliwekwa ibebe bati, si uzito uliokusanyika sehemu moja. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser hupita kilo 300 bila giaboksi. Kama huna boriti ya chuma juu ya nguzo zake, simamisha mabomba matatu ya chuma yaliyoungana juu na uifunge miguu yote kwa mnyororo chini, la sivyo itateleza kwenye sementi yenye oili mzigo ukiwa juu. Kreni ya magurudumu nayo ina mtego wake: ile ya tani 2 hubeba tani 2 mkono ukiwa mfupi. Mkono ukivutwa hadi tundu la mwisho, mara nyingi hubaki nusu tani. Imeandikwa hapohapo kwenye mkono.

"Funga mnyororo popote, bora ushike."
Hapa ndipo wengi huharibu. Injini ya kilo 200 ikining'inia kwa minyororo miwili iliyo wima, kila mmoja hubeba kilo 100. Ikiwa mifupi hadi ikalala nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja hubeba kilo 200 kamili, na bolti zinavutwa kwa ubavu. Kwa nyuzi 60 ni kama kilo 115, kwa hiyo tumia minyororo mirefu.

Shika masikio ya kunyanyulia yaliyowekwa na kiwanda. Yakikosekana, tumia bolti yenye alama 8.8 kichwani, ya milimita 10 iingie milimita 20 ndani ya alumini. Ubane mnyororo kwa washa pana mpaka ugusane na chuma cha injini, maana bolti iliyoachiwa pengo hupinda. Usifunge mnyororo kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi.

"Ikigoma, vuta zaidi."
Nyanyua kidogo, simama, tazama pua ya gari. Ikipanda pamoja na injini, kuna kitu bado kimeshika: waya wa ethi, mpira wa hita, au ile bolti ya giaboksi iliyojificha juu. Ukiendelea kuvuta, kitakatika ghafla na injini itabembea.

"Tofali linatosha kuegemeza gari."
Tofali la sementi halipindi kwanza likakuonya. Hupasuka mara moja. Jeki nayo ni ya kunyanyulia tu, sili ikivuja inashuka. Weka stendi za chuma.

"Bodi ya gari lolote hutoka."
Ya Hilux hutoka kwenye chesisi, ukishafungua shafti ya usukani, mabomba ya breki na nyaya. Ipandishe kidogo kidogo pembe zote; upande mmoja ukitangulia mno, bodi hujipinda na milango haifungi. Vitz haina chesisi ya kutenganisha.