Kujiandaa kwa mtihani wa Kifaransa wa kidato cha nne kwa Kiswahili ulichonacho

Mvua zinapokatika na upepo wa kiangazi ukaanza kutimua vumbi katika viunga vya Dodoma, wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma Kifaransa huanza kunijia na madaftari yao, kwa kuwa Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa, haiko mbali tena. Karibu kila daftari ninalolifungua lina safu mbili: kushoto neno la Kifaransa, kulia tafsiri yake ya Kiingereza. Siwalaumu, kwa sababu Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari, na mimi mwenyewe nilijifunza hivyo hivyo. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kusahihisha kazi zao, nimeridhika kwamba makosa mengi yanayowapotezea alama hayatokani na ugumu wa Kifaransa. Yanatokana na kukiendea Kifaransa kwa kuzungukia Kiingereza, ilhali Kiswahili walichokulia nacho kina njia fupi na iliyonyooka.

Tuanze na jambo jepesi, yaani umri. Anayefikiri kwa Kiingereza huandika “Je suis seize ans”, na alama inapotea hapo hapo. Mfaransa husema “J'ai seize ans”, ambayo neno kwa neno ni “nina miaka kumi na sita”. Njaa, kiu na usingizi hufuata mkondo huo: j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil. Ukanushaji nao hauna cha kutisha, kwa sababu “il ne lit pas” huzingira kitenzi pande zote mbili kama vile “hasomi” inavyoanza na ha- na kuishia na -i. Hata tunda linaloutambulisha mkoa wetu lina mtego wake. Neno “raisin” kwa Kiingereza ni zabibu kavu, lakini “le raisin” ya Kifaransa ni zabibu mbichi, ile ile inayovunwa mashambani kwetu, na kavu huitwa “raisins secs”. Neno “grappe”, ambalo mwanafunzi hudhani ndilo zabibu kwa sababu linafanana na neno la Kiingereza, maana yake ni kichala. Nimewahi kusoma insha nzuri kuhusu kilimo cha zabibu ambayo mwandishi wake alivuna zabibu kavu kutoka mtini tangu mwanzo hadi mwisho, na nilisikitika, maana mtoto yule aliijua kazi ya shambani kuliko mimi.

Vivumishi vya umiliki huwatesa wengi bila sababu. Mwanafunzi anapoandika kuhusu msichana na baba yake hutaka kusema “sa père”, kwa kuwa Kiingereza kimemzoesha kuangalia kama mmiliki ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakijali mwenye mali ni nani. Kinaangalia mali yenyewe. Tunasema “kitabu chake” na “gari lake”, na kinachobadili ch- kuwa l- ni ngeli ya kitu kinachomilikiwa. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: son livre, sa voiture, awe mmiliki ni kaka au dada. Kinachobaki kukumbukwa ni kwamba mbele ya irabu nomino ya kike huchukua “son” au “mon” ili sauti zisigongane, ndiyo maana tunasema “mon amie” na “son école”.

Jinsia ya nomino za Kifaransa, ambayo wanafunzi huiona kama dhuluma, ni ngeli mbili tu kwa mtu ambaye lugha yake ina ngeli nyingi zaidi ya hizo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kisu kiko pamoja na kiti, na kwa moyo huo huo hatuna haja ya kuuliza kwa nini meza ni ya kike. Tofauti ni kwamba Kiswahili mara nyingi huonyesha ngeli kwenye neno lenyewe, ilhali Kifaransa huiweka zaidi kwenye neno linalotangulia. Kwa hiyo nawaagiza wanafunzi wangu wasiandike kamwe “maison” peke yake, bali “une maison”. Nasisitiza “un” na “une”, si “le” na “la”, kwa sababu “l'école” huificha jinsia, ilhali “une école” huianika wazi. Daftari lililoandikwa hivyo tangu kidato cha kwanza humwondolea mwanafunzi mzigo mkubwa ifikapo kidato cha nne.

Sasa nifike kwenye kanuni ambayo hata walimu wenzangu huiruka wakisema ni ngumu mno kwa kiwango hiki, nami sikubaliani nao. Ukisema “j'ai acheté les mangues”, yaani nilinunua maembe, kitenzi hakibadiliki. Ukisema “les mangues que j'ai achetées”, kitenzi huongezewa e na s kwa sababu maembe yametajwa kabla yake. Wanafunzi huikariri kanuni hii kwa jasho kisha wakaisahau kabla ya mtihani wa moko. Nami huwaandikia ubaoni sentensi mbili za Kiswahili: “Nilinunua maembe” na “Maembe niliyoyanunua”. Katika ya kwanza kitenzi hakina alama yoyote ya maembe, lakini katika ya pili, kwa kuwa maembe yametangulia, kitenzi kimebeba -yo- na tena -ya-. Darasa hunyamaza kidogo, kisha mmoja huinua mkono na kusema kumbe tunafanya hivyo kila siku. Kutoka hapo hatua ya kufika kwenye “je les ai achetées” ni fupi, kwa sababu “les” imekaa mbele ya kitenzi kama -ya- inavyokaa mbele ya mzizi katika “nimeyanunua”. Anayetoka kwenye Kiingereza huiweka mwishoni na kuandika “j'ai acheté les”, sentensi ambayo kwa Mfaransa haijakamilika.

Nyakati za vitenzi nazo zina daraja lake. Katika insha ya kusimulia, mtahiniwa hupimwa kama anajua kutofautisha imparfait, wakati wa jambo lililokuwa likiendelea au kujirudia, na passé composé, wakati wa tendo lililokamilika, na hapo Kiswahili kina masikio makini. “Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda kisimani kila siku, siku moja nikaona nyoka.” Palipo na “nilikuwa na-” weka imparfait: j'allais au puits tous les jours. Palipo na -ka- ya kusukuma hadithi mbele weka passé composé: un jour, j'ai vu un serpent. Vilevile irabu -e inayomalizia kitenzi katika “nataka uje” au “lazima aende” ndiyo kengele ya subjonctif, umbo la kitenzi linalofuata maneno ya kutaka au kulazimu: je veux que tu viennes, il faut qu'il aille. Maumbo yenyewe hayana budi kukaririwa, lakini mwanafunzi atakuwa ameshajua mahali pa kuyatumia.

Ni haki niseme pia mahali ambapo Kiswahili humwangusha mtu. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mwanafunzi huanza aya kuhusu dada yake kwa “elle” na kuimaliza kwa “il” bila kujitambua. Irabu zetu tano hazina sauti ya “tu”, na katika imla wengi huandika “tout”. Mazoezi yake ni kutamka i huku midomo imefumbatwa kama ya u, kila siku, kwa sauti ya kusikika. Tena, Kiswahili huweka kivumishi baada ya nomino, jambo linalosaidia katika “un livre rouge”, lakini grand, petit, beau, bon, jeune, vieux na nouveau kwa kawaida hutangulia.

Namba zinahitaji muda wake peke yake. Kiswahili kina sabini, themanini na tisini, ilhali Mfaransa huhesabu sitini-na-kumi, ishirini-nne, ishirini-nne-na-kumi. Mimi hufundisha kwa miaka ya mji wetu. Mwaka 1973 uliamuliwa Dodoma iwe makao makuu: mille neuf cent soixante-treize, yaani mwishoni sitini na kumi na tatu. Mwaka 1996 Bunge lilihamia hapa: mille neuf cent quatre-vingt-seize, yaani ishirini nne na kumi na sita. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, deux mille sept, na hapo kila mtu hupumua. Mwanafunzi aliyewahi kuzungumza na madereva wa malori ya Kongo atakuwa amesikia “septante” (sabini) na “nonante” (tisini). Hayo si makosa, ni Kifaransa cha huko na cha Ubelgiji, lakini katika karatasi ya mtihani nashauri kufuata namna iliyofundishwa darasani.

Kuhusu barua, nitasema moja tu. Hakuna mtoto wa Dodoma atakayeingia ofisini kwa mkuu wa shule akasema “mambo” badala ya “shikamoo”. Basi asimwandikie mkurugenzi kwa “tu”, yaani “wewe” ya watu wa karibu. Akianza na “vous” ya heshima aendelee nayo hadi mwisho, pamoja na votre na vos.

Kwa majuma yaliyobaki, fanya mitihani ya miaka iliyopita kwa kujipimia muda, na usome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani, kwa kuwa humo utaona makosa ya wenzako yakielezwa moja baada ya jingine. Kila insha utakayoiandika, iache hadi kesho yake, kisha uipitie mara tatu: mara ya kwanza ukitazama vitenzi pekee, kila kimoja na mtenda wake, mara ya pili nomino na vivumishi vyake, mara ya tatu alama zinazokaa juu ya irabu, maana “a” bila alama ni “ana” na “à” yenye alama ni “kwa” au “katika”. Sentensi usiyokuwa na hakika nayo, iandike pembeni kwa Kiswahili sanifu, tazama viambishi vyake vimekaa wapi, ndipo urudi kwenye Kifaransa.