Nani alale wapi: hesabu ya vitanda bwenini

Januari ikifika wazazi huniuliza habari za chakula na ada ya mitihani. Ni wachache mno wanaouliza mtoto atalala kitanda gani. Mimi ni mlezi wa bweni la wavulana, na swali hilo ndilo linalonikesha kabla tranka la kwanza halijashushwa.

Nilipoanza kazi niliwaacha wajipange wenyewe. Kidato cha nne wakachukua kona ya ndani kabisa, wakatundika shuka kama mapazia, na ile kona ikawa serikali yao. Huko ndiko sabuni za njuka, wageni wa kidato cha kwanza, zilikopotelea, na huko ndiko walikotumwa maji usiku wa manane. Sheria nilikuwa nimezibandika mlangoni, na hazikuwahi kufika kwenye kona.

Sasa nahesabu kila dabodeka kuwa kaya moja. Chini analala wa kidato cha tatu au cha nne, juu wa kidato cha kwanza au cha pili. Wanadeki zamu moja, na mdogo akionekana na shuka chafu, wa chini ndiye ninayemwuliza kwanza. Hata ndoo zinazodaiwa kwenye fomu ya kujiunga, pamoja na jembe na fagio, tunaziandika kwa rangi namba ya kitanda badala ya jina. Jina hukwanguliwa usiku mmoja. Namba ina walinzi wawili.

Wapo wasioingia kwenye hesabu hiyo. Mwenye kifafa hulala chini, karibu na mlango, na jirani yake anajua la kufanya. Anayekojoa kitandani pia hulala chini, nami humwamsha kimyakimya saa tano usiku. Godoro lake lina nailoni, na ili asijulikane nimewavisha nailoni wenzake watatu kwa kisingizio kwamba paa linavuja. Paa kweli linavuja, ila si pale.

Kiranja hapati kona. Kitanda chake kiko katikati, anaonwa na wote. Husimuliwa kwamba Nyerere, akiwa mwanafunzi Tabora, alikuta viranja wanapewa chakula maradufu, akalipinga jambo hilo mpaka likafutwa. Kila mwaka nawasimulia viranja wangu kisa hiki. Wanatikisa kichwa kwa adabu, halafu Jumamosi namkuta mmoja shati lake linafuliwa na njuka.

Umbali kati ya vitanda ndio unaonigombanisha na wakubwa. Machi 2001 bweni la wavulana la Kyanguli, Machakos, liliwaka moto usiku na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Kenya iliutoa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya kupita isiyopungua mita 2, milango inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na nondo. Hapa Tanzania ninautumia kama kipimo changu. Mwaka juzi niliambiwa niongeze vitanda vinane. Nikaja na futi kamba, nikapima mbele yao, vitanda viwili tu vikapata nafasi. Sita vilikwenda kwenye stoo ya zamani, tulipokwisha kuitoboa madirisha. Tulinuniana wiki nzima.

Wiki ya sita ya muhula huruhusu maombi ya kuhama. Zamani yangekuwa foleni, siku hizi huwa matatu au manne. Ombi linaloanza na "Mwalimu, naomba tuongee pembeni" nalisikiliza siku hiyohiyo, maana nyuma yake kuna uonevu. Mengine yote ni malalamiko juu ya mkoromaji. Huyo sina dawa yake, kwa hiyo nimemweka kwenye ukuta unaopakana na chumba changu.